Dari ya jipsamu: mistari, vidoti na malengelenge. Kila kimoja kinaitwaje, na aulizwe nani, fundi jipsamu au fundi rangi?

#1 Mkazi wa Goba
Wakuu, salaam. Nyumba yangu ipo Goba, Dar. Dari ya jipsamu ilipigwa mwezi wa pili, rangi ikapakwa wa tatu kabla masika haijakolea. Sasa tupo mwezi wa tisa na hali ni hii:

Sebuleni usiku ukiwasha taa huoni kitu. Asubuhi jua likiingia dirisha la mashariki, dari nzima inajichora mistari kila pale bodi zilipokutana. Chumba cha watoto, katikati ya dari, kuna nyufa nyembamba kama unywele, zimenyooka kama zimepigwa rula. Korido kuna vidoti vimetokeza, vikubwa kama sarafu, na kimoja kimedondosha ganda lake mpaka kichwa cha skrubu kinaonekana. Juu ya mlango wa jiko mkanda, ile tepu ya kuunganishia bodi, umevimba. Ukigonga kwa kidole unasikia uwazi.

Nimeita mafundi watatu kwa nyakati tofauti. Wa kwanza kasema zote ni nyufa tu. Wa pili kasema unyevu. Wa tatu kasema rangi feki. Nataka kujua kila tatizo linaitwaje na linatoka wapi. Fundi ukimwambia "dari imeharibika" anakujibu "nitarudia rangi". Sitaki kulipia rangi mara ya pili huku chanzo kipo palepale.

#2 Skrepa Inchi Sita
Mimi ni fundi jipsamu, mwaka wa kumi na moja huu, Kimara mpaka Kibamba. Hapo una magonjwa manne, kila moja na dawa yake.

Mistari inayoonekana kwa jua la pembeni tu: sisi tunasema jointi imejichora. Mara nyingi ni nundu. Fundi kajaza jointi kwa skrepa ya inchi nne, akaiacha nene katikati, hakuitandaza. Ubao wa jipsamu kwenye upande mrefu umepunguzwa unene ukingoni ili mkanda na pati (uji mzito wa kujazia jointi) vikae ndani, lakini upande mfupi hauna huo mteremko. Zikikutana pande mbili fupi lazima utandaze upana wa futi moja na zaidi, la sivyo kilima kitaonekana tu.

Nyufa zilizonyooka: hakuna mkanda, au upo wa neti (wavu wa nyuzi) bila pati ya kutosha.

Vidoti: skrubu zimetema, yaani vichwa vimetokeza nje.

Mkanda uliovimba: lengelenge. Chini ya karatasi hakukuwa na pati, au ilikwanguliwa yote wakati wa kubana.

#3 Dada wa Kinyerezi
Ya kwangu ina vyote hivyo na nyongeza: vishimo vidogo kama vya sindano kwenye skimu (pati inayopakwa uso mzima), vimejaa ukuta mzima wa chumba cha wageni. Navyo vina jina?

#4 Skrepa Inchi Sita
@Dada wa Kinyerezi hivyo ni hewa. Pati ilikorogwa kwa mashine kwa kasi ikaingiza mapovu, au imepigwa nzito mkono mmoja, yaani tabaka moja, bila kubanwa. Mkono wa pili uwe mwepesi, skrepa uilaze uibane, vinajifunga. Ukipaka rangi juu yake bila kuviziba vitabaki hapo miaka yote.

#5 Brashi na Rola
Namheshimu aliyetangulia, ila mistari si nundu kila mara. Mimi ni fundi rangi. Nimewahi kupitisha rula ya alumini kwenye dari kama hiyo, imekaa sawa kabisa, hakuna kilima, na mstari bado unaonekana. Sababu yake ni unywaji. Karatasi ya ubao inakunywa rangi kivyake, pati inakunywa kivyake. Pale kwenye pati rangi inafyonzwa, inabaki imefifia. Kwenye karatasi inang'aa. Ukiweka silki, rangi ya kung'aa, ndiyo balaa zaidi, kwa sababu mng'ao unatangaza kila kitu. Dari ipakwe rangi isiyong'aa, na kabla yake praima, ile rangi ya awali ya kusawazisha unywaji. Wateja wanakata praima kwanza ili kubana bajeti, halafu wa kwanza kupigiwa simu ni fundi rangi.

#6 Mkazi wa Goba
@Brashi na Rola praima nililipia. Ndoo niliiona kwa macho yangu.

#7 Brashi na Rola
Kaka, kuiona ndoo ni jambo moja. Uliiona ikipakwa?

#8 Mjukuu wa Gerezani
😂 Hapo uzi umeanza rasmi.

#9 Bwana Columbus
Habari za nyumbani. Nipo Columbus, Ohio, na kazi yangu ndiyo hii, kuta na dari za jipsamu kutwa. @Skrepa na @Brashi wote wanasema kweli, ila wanaeleza vitu viwili tofauti vinavyofanana kwa macho.

Huku vinatenganishwa. Kilima kwenye jointi ni kosa la umbo. Tofauti ya mng'ao ni kosa la uso. Kipo na cha tatu ambacho hamjakitaja: bonde. Fundi anapiga mkono wa pili wakati wa kwanza haujakauka. Siku hiyo panaonekana sawa, anasugua msasa, anakabidhi kazi. Maji yaliyobaki ndani yanaendelea kutoka wiki kadhaa, pati inasinyaa, jointi inazama. Mteja anaona mstari baada ya miezi miwili na fundi anaapa kwamba aliacha pamenyooka. Anasema kweli, aliacha pamenyooka. Kwa pati za kukauka kwa hewa, kawaida huku ni kungoja siku nzima kati ya mkono na mkono, na hewa ikiwa nzito mnangoja zaidi. Dar kwa mwezi wa tatu mngengoja zaidi.

Namna ya kupambanua: zima taa, laza tochi ya simu ikigusa dari kabisa, mwanga utambae. Kivuli kikianguka upande wa mstari ulio mbali na tochi ni kilima. Kikianguka upande ulio karibu na tochi ni bonde. Kusipokuwa na kivuli chochote, ila rangi tu inatofautiana, ni unywaji wa rangi.

#10 Mama wa Chanika
Hii ya tochi nimeifanya sasa hivi. Afadhali nisingefanya, nimeona mpaka alama za skrepa. Asante mwanangu.

#11 Karani wa Vipimo
Niongeze kwenye #9. Marekani wana daraja za umaliziaji kuanzia 0 mpaka 5, zimeandikwa kwenye waraka wa Gypsum Association, chama cha watengenezaji jipsamu, unaoitwa GA-214. Daraja 0 ni bodi zimefungwa tu. Daraja 4 jointi na vichwa vya skrubu vimepigwa mikono yote na kusuguliwa. Daraja 5 ni skimu nyembamba juu ya uso mzima, na ndiyo inayoshauriwa panapopakwa rangi ya kung'aa au mwanga unapotambaa juu ya uso. Hapa kwetu mkataba unaandikwa "dari ya jipsamu pamoja na rangi", mwisho. Mteja anategemea 5, fundi kapigia bei ya 3, na hakuna karatasi inayosema nani yuko sahihi. Mimi nikipanga gharama huandika wazi: jointi tu, au skimu uso mzima. Bei zinaachana sana.

#12 Skrepa Inchi Sita
@Karani hapo umenigusa. Mteja akiniambia "nipigie bei ya mwisho mwisho", kitu cha kwanza kinachotoka ni skimu ya uso mzima. Kingine nitoe wapi? Mbao kanunua yeye, bodi kanunua yeye.

#13 Mwalimu wa Zamu
Wengi hapa wanasema pati "inakauka". Ziko aina mbili na tukizichanganya hatutaelewana.

Ya ndoo, iliyo tayari, inakauka kwa maji kutoka. Ya pauda ya jipsamu, ile ya kumwagia konisi (urembo wa pembeni mwa dari), inaganda kwa kemia. Jipsamu ya mgodini ina maji ndani ya fuwele zake. Ukiichoma kwenye joto la kama nyuzi 150 inapoteza robo tatu ya maji hayo na kuwa pauda. Ukiirudishia maji inayanywa na kugeuka jiwe tena. Ndiyo maana ndoo inapata joto mkononi pauda inapoanza kushika. Kuganda kwa namna hiyo hakusubiri jua, hata mvua ikinyesha itaganda. Maji ya ziada ndiyo yanayohitaji siku za kutoka.

#14 Nyundo ya Tegeta
Jipsamu si ndiyo chokaa ya Makanya hiyo? Kuna siri gani.

#15 Mwalimu wa Zamu
Hapana. Makanya kule Same wanachimba jipsamu kweli, na Itigi pia, na Kilwa. Chokaa ni kitu kingine kabisa. Jipsamu ni salfeti ya kalsiamu. Weupe wao ndio unaofanana.

#16 Skrepa Inchi Sita
Mwalimu umenikumbusha kitu ambacho vijana wanakipuuza: ndoo chafu. Ukikoroga pauda kwenye ndoo yenye mabaki ya jana yaliyoganda, mchanganyiko unashika haraka ajabu. Kijana anaona inakuwa ngumu, anaongeza maji, anakoroga tena. Hiyo imekufa. Itapakika, itasuguliwa, lakini ukiikwangua kwa kucha baada ya mwezi inatoka unga. Nyufa nyingi ninazoitwa kurekebisha nikizichimba nakuta unga mtupu.

#17 Mwalimu wa Zamu
Kwa kemia ni sahihi. Zile chembe zilizoganda zinakuwa mbegu, fuwele mpya zinaotea juu yake. Na ukishavunja mshikamano ulioanza, hauungani tena vizuri.

#18 Dada wa Kinyerezi
Swali la pembeni. Fundi wangu alichanganya pauda ya jipsamu na simenti nyeupe kwenye skimu, akasema inakuwa ngumu kama marumaru. Ni sawa?

#19 Mwalimu wa Zamu
Mimi ningeogopa. Simenti na jipsamu zikikaa pamoja penye unyevu huzaa fuwele zinazovimba. Palipo pakavu panaweza kukaa miaka. Ukuta wa bafuni au unaopitisha maji ya mvua utaanza kumenyuka.

#20 Nyundo ya Tegeta
Nimechanganya hivyo tangu naanza kazi, nyumba zote zipo zimesimama, na wateja wananipigia kuniletea wateja wengine. Vitabu na saiti ni vitu viwili, mwalimu.

#21 Dada wa Kinyerezi
Basi mimi nabaki njia panda. Ukuta wenye vishimo ndio huohuo wa mchanganyiko.

#22 Bati la Msauzi
Jamani mnazungumza pati wakati ugonjwa upo juu. Pandeni darini saa nane mchana mwone. Chini ya bati hakukaliki. Mbao zinatanuka na kukauka kila siku, jioni zinapoa, usiku unasikia zinalia "ka, ka". Na hizo mbao za mbili kwa mbili zilinunuliwa mbichi, zinatoa maji mkononi, zikapigwa wiki hiyohiyo. Mbao ikikauka inasinyaa, skrubu inabaki pale ilipo, ubao wa jipsamu unaachana na mbao kidogo, ukisukumwa juu kichwa kinatokeza. Hata upige pati ya peponi, skrubu itatema.

#23 Bwana Columbus
Hiyo ya mbao kusinyaa ni kweli tupu, huku ndiyo sababu namba moja ya vidoti. Ila zipo mbili nyingine. Moja, bodi haikubanwa ikagusa mbao wakati wa kufunga, hivyo mtu akiisukuma kwa rola inarudi nyuma na kichwa kinachomoza. Ya pili, skrubu ilizamishwa ikapasua karatasi. Kinachoshika bodi ni karatasi. Ikishapasuka umebaki na unga tu umeshikilia chuma.

Huku pia majira ya baridi dari inanyanyuka katikati ya nyumba na kuachana na ukuta, kwa sababu kenchi zinapinda. Nadhani hata nyufa za Goba zinaweza kuwa hivyo.

#24 Karani wa Vipimo
@Bwana Columbus hiyo haihusiki huku kaka. Kenchi zenu zinapinda kwa sababu mbao ya chini imefunikwa na sufi ya kutunza joto, huku ya juu imo kwenye baridi na unyevu. Goba hakuna barafu. Nyufa zingekuwa pembeni zinapokutana dari na ukuta, na mleta mada kasema zipo katikati ya chumba.

#25 Bwana Columbus
Nimekubali, nilisahau kwamba anazungumzia katikati.

#26 Mzee wa Ilala
Vijana, sisi tulikuwa na siling bodi, na kwenye kila muungano fundi alipiga kipande cha mbao juu yake. Muungano unacheza, kipande kimeuficha, hakuna aliyelalamika. Nyinyi mnataka dari iwe kama ganda la yai, kipande kimoja, juu ya mbao zinazocheza, chini ya bati la moto. Ukitaka kipande kimoja lazima kila kitu nyuma yake kitulie.

#27 Mama wa Chanika
Mzee wangu shikamoo. Zile za kwetu zilikuwa na mistari ya mraba, popo wakipita juu unawahesabu.

#28 Mzee wa Ilala
Marahaba. Popo bado wapo, jipsamu haijawafukuza.

#29 Mjukuu wa Gerezani
Mimi niko dukani, vifaa vya ujenzi. Nitasema upande wetu hata kama mtanirukia. Bodi nyingi zinaharibika kabla hazijafika saiti. Zinasimamishwa zimeegemea ukuta wiki nzima, zinapinda tumbo. Zinapakiwa kwenye guta, urefu wa mita 2.4 nyuma zinaning'inia zinadundadunda kutoka Gerezani mpaka Mbagala. Kingo zinavunjika. Fundi anazipokea anazipiga hivyohivyo, na ukingo uliovunjika haushiki mkanda. Zilazwe chali juu ya vipande vya mbao, zifunikwe. Na ya pili: wateja wananunua ya milimita 9 halafu wanazipangia mbao zilizoachana sana. Ikining'inia kwenye nafasi kubwa katika hewa hii ya pwani, inashuka tumbo kati ya mbao na mbao. Hilo nalo watu wanaliita nyufa.

#30 Skrepa Inchi Sita
Nafasi kati ya mbao za dari ni sentimita 40 kwa bodi nyembamba, mimi sizidishi hapo. Wapo wanaopiga 60 kwa 60 na bado wanaita kazi.

#31 Nyundo ya Tegeta
Ninazo za 60, hazijashuka.

#32 Karani wa Vipimo
Za milimita ngapi?

#33 Nyundo ya Tegeta
12.

#34 Karani wa Vipimo
Basi hatubishani.

#35 Mkazi wa Goba
Nimerudi. Nilifanya ya tochi jana usiku nikiwa na mwanangu ameshika ngazi. Matokeo:

Sebuleni mistari ya upande mrefu haina kivuli kabisa. Ya upande mfupi ina kivuli, vilima. Kwa hiyo @Skrepa na @Brashi wote mko kwenye dari yangu moja. Chumba cha watoto nimechimba ufa mmoja kwa kisu: ndani kuna neti, na ile pauda inatoka unga. Lakini pia nimechungulia darini, mbao ya karibu imejipinda na bodi haiigusi. Sasa sijui ni ndoo chafu au mbao mbichi.

#36 Bati la Msauzi
Mbao. Nimesema.

#37 Skrepa Inchi Sita
Unga ni unga. Pati nzima ingevumilia kidogo.

#38 Bwana Columbus
Neti nayo iangalieni. Neti inataka pati ya kuganda iliyo nzima. Ikiwekwa na ya kukauka kwa hewa, au na iliyokufa kama hiyo, inapasuka upesi kuliko tepu ya karatasi, kwa sababu nyuzi zake zinavutika kidogo. Mimi kwenye jointi za dari siachi karatasi.

#39 Skrepa Inchi Sita
Karatasi ni kazi ngumu juu ya kichwa, lazima ulishe pati chini yake vizuri, na huko ndiko yanakotoka malengelenge kama lile la mlango wa jiko. Kila kitu na gharama yake.

#40 Brashi na Rola
@Mkazi wa Goba kwa sebule: vilima visuguliwe kwanza msasa namba 120 kisha 150, kwa uangalifu usifike kwenye karatasi. Ukiichubua karatasi inatoa manyoya na rangi itayaonyesha. Futa vumbi. Skimu nyembamba uso mzima, praima, rangi isiyong'aa. Na uwepo siku ya praima.

#41 Dada wa Kinyerezi
Na ukiona yote haya ni mzigo, si unapiga teksta tu inaficha? Nimeona dari zimepigwa vinundu vinundu.

#42 Bwana Columbus
Huku zipo aina nyingi: ya ganda la chungwa, inayopulizwa kisha inabanwa kwa skrepa pana, na ile ya zamani ya bisi. Zinaficha vilima vidogo na unywaji wa rangi, hilo ni kweli. Ufa haufichwi na teksta. Utapita katikati yake na sasa kuuziba bila kuacha kiraka kinachoonekana ni kazi kubwa mara tatu. Za bisi za kabla ya miaka ya 1980 huku nyingi zinapimwa kwanza kabla ya kukwanguliwa, kwa sababu baadhi ziliwekwa asbesto.

#43 Mama wa Chanika
Na vumbi la pwani likae kwenye vinundu, nani atapanda kufuta? Mimi sitaki.

#44 Mkazi wa Goba
Fundi jipsamu aliyeipiga dari hii nimempigia. Nilimtajia jointi, lengelenge, skrubu kutema, kila kimoja na chumba chake. Alinyamaza, halafu akasema anakuja Jumamosi na tepu ya karatasi. Mbao anasema si zake, nilinunua mimi, na ni kweli nilinunua mimi.

#45 Bati la Msauzi
Aongeze vipande vya mbao kavu pale bodi isipogusa, kabla ya tepu. Skrubu zilizotema asizigongee ndani. Apige mpya pembeni, umbali wa vidole viwili, ndipo azitoe za zamani.

#46 Brashi na Rola
Picha Jumapili asubuhi, jua likiwa dirishani. Si za usiku.

#47 Mtoto wa Kigogo
Wakuu samahani kuingilia. Ya kwangu imetoa doa la kahawia duara, bati lilivuja masika, nimeziba bati, nimepaka rangi nyeupe mara tatu na doa linarudi. Hili nalo linaitwaje?